Nyuma Kwanza

Mtakaosoma karatasi hizi, nivumilieni kabla hamjaanza. Mwandiko wangu ni mkubwa na umelalia upande mmoja, na najua kuna maneno nitakayoyakosea, maana shule niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umezoea kukata kioo kuliko kushika kalamu. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanimalizia jioni nzima. Lakini aliyeniambia niandike ni mtu ambaye sijawahi kumwona akilegeza neno lake, kwa hiyo nitaandika mpaka nifike mwisho.

Ni Fundi. Jina lake sitalitaja, yeye mwenyewe hapendi, na kule Sib, mji wa pwani wa Omani karibu na Maskati, ukisema Fundi tu watu wa nyuma ya soko wanajua ni nani. Kuna picha moja ya kale sana ya Mama Maria na mtoto, iliyochorwa juu ya ubao, ambayo ilipita mikononi mwetu ikauzwa ikaondoka Maskati. Fundi anataka kujua kama mgongo wa ile picha bado ni mzima. Na mimi nataka kujua. Nitaeleza kwa nini, lakini ni lazima kwanza mmjue yeye.

Karakana yake iko uani mwa nyumba yake. Anatengeneza fremu za picha, anakarabati masanduku ya zamani yenye njumu za shaba, viti, milango, chochote cha mbao. Kofia yake ina alama nyeusi upande wa sikio la kulia, kwa sababu anachomeka penseli humo. Mikono ya kanzu anaikunja mpaka juu ya kiwiko, na mtu akija kwa heshima anaikunjua, na akiondoka anaikunja tena.

Neno lake kubwa ni hilo nililoliandika juu. Ukimletea kitu, kabla hujamaliza salamu, atasema, "Geuza. Nyuma kwanza." Hatazami uso wa kitu mpaka ametazama mgongo wake. Kwa mbele, anasema, kila mtu amejipamba. Nyuma ndiko unakoona msumari uliopigwa kwa hasira, gamu iliyomiminwa na mvivu, ubao wa bei rahisi uliofichwa na mwenzake wa bei ghali. Kiti akikipindua hivi anakuambia aliyekitengeneza alikuwa ana haraka au hana.

Tabia hii anatembea nayo. Mke wake alinihadithia kwamba walikwenda kumposea mpwa wao huko Barka, wamekaribishwa sebuleni, wazee wote wamekaa, Fundi akakipindua kiti miguu juu kabla hajakikalia. Mkewe akamwambia kwa sauti ya chini, "Umekuja kuposa au umekuja kununua viti?" Yeye akajibu kwa sauti ya kawaida, wote wakasikia, "Viti vizuri. Watu hawa n'shawapenda." Mpwa akapata mke.

Mimi nilifika nyumba ile kutoka kwetu Machakos kama mfanyakazi wa nyumbani. Kazi yangu ilikuwa jikoni. Siku moja nilimpelekea chai nikamkuta anakata kioo, na kile kioo kimemvunjikia mara ya pili. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka siku zile. Aliniangalia ninavyomimina chai katika kile kigilasi chembamba, akasema, "Mkono wako hautikisiki. Njoo hapa." Akaniwekea rula, akanipa almasi ya kukatia. "Mstari mmoja. Usirudie." Nikavuta. Akakigonga kwa chini, kikaachana sawasawa.

Akaenda mpaka mlangoni mwa jiko. "Huyu binti n'shamchukua."

"Na vyombo ataosha nani?" mkewe akauliza.

"Mimi."

Nilidhani ni mzaha. Lakini miaka yote niliyokaa pale, baada ya chakula cha mchana Fundi ndiye aliyesimama kwenye sinki, mikono imekunjwa, anagombana na redio. Watu wazima wenzake walimcheka. Alikuwa amesema ataosha, basi ataosha.

Ni mtu wa kupingana na nafsi yake. Anasema hapendi maneno mengi, na redio moja anaijibu kutwa nzima. Anatia fremu picha za kila aina, za harusi, za watoto waliomaliza chuo, za farasi, lakini nyumbani kwake ukutani kuna saa na kalenda tu, kwa sababu hataki sura ya kiumbe mahali anaposali. Kwa wateja ni mkali. Bwana mmoja alileta sanduku akisema ni la babu wa babu yake, Fundi akalipindua akamwambia, "Babu wa babu yako alikuwa na skrubu za mashine?" Yule bwana hakurudi. Lakini mbao anazisemesha kwa upole, "Taratibu, bibi, taratibu," kama anamtoa mgonjwa kitandani.

Na neno pole halijui. Hajawahi kulisema mbele yangu. Akikosea, utakuta kisahani cha halwa kimewekwa karibu na kazi yako, na yeye amejifanya anatafuta kitu kwenye droo. Ukila, yamekwisha.

Sasa picha.

Aliyeileta ni Bi Zuwena, mama mtu mzima anayekaa Ansab. Alikuja na mjukuu wake wa kiume aliyeendesha gari, ubao umefungwa kwenye blanketi. Baba yake Bi Zuwena aliununua Unguja kwenye mnada wa vyombo vya Mzungu mmoja aliyekuwa anahama, pamoja na kabati. Familia ilipokuja huku, ubao ukaja ndani ya kasha la nguo. Na kwa kuwa ni sura ya mtu, nyumbani kwao ulitundikwa ukitazama ukuta. Maisha yake yote Bi Zuwena ameujua mgongo wa ile picha. Uso wake ameuona siku za kufuta vumbi tu.

"Nnataka kuiuza, Fundi," alisema. "Sina shida ya pesa, alhamdulillahi. Lakini nikifa, watoto hawa wataitia kwenye pipa. Nnataka iondoke mimi nipo, nijue imekwenda wapi."

"Geuza," Fundi akasema, halafu akacheka peke yake, maana mjukuu alikuwa ameshaiweka mgongo juu. Kwao hivyo ndivyo ilivyokaa.

Siku mbili nzima hakuigeuza. Alivuta kiti, akaweka taa, akatazama mgongo. Zilikuwa mbao tatu nyeupe, nyepesi, zimeunganishwa, zimebunguliwa na wadudu matundu madogo kama ya sindano. Juu kulikuwa na lakiri nyekundu iliyopasuka, yenye alama ya muhuri. Chini, pembeni, mtu alikuwa amechora kwa msumari alif, ba, ta. Herufi za kitoto. Bi Zuwena alituambia ni za kaka yake, alizichora siku alipoanza chuoni kwa mwalimu wa Kurani, akapigwa sana. Kaka huyo ameshafariki. Na chini kabisa kulikuwa na ufito mwembamba wa mbao, umepigiliwa kwa misumari ya chuma yenye vichwa vya pembe nne.

Siku ya tatu akaniita tuigeuze.

Sijui niandike vipi. Kwetu tuna Mama Maria wa karatasi, mama yangu amembandika juu ya kitanda, uso mweupe na mashavu mekundu. Huyu hakuwa hivyo. Nyuma yake palikuwa na dhahabu nyembamba iliyochakaa mpaka udongo mwekundu unaonekana chini yake. Joho lake lilikuwa limegeuka karibu jeusi. Mtoto alikuwa ameshika komamanga lililopasuka, na mama haangalii mtoto wala sisi, anaangalia lile komamanga, kama mtu anayehesabu punje na hataki kufika mwisho. Mkono wangu ulifanya ishara ya msalaba kabla sijaufikiria. Nikaona aibu mbele ya Fundi.

"Usione haya," akasema. "Sitti Maryam huyu. Na sisi tunamheshimu."

Tangu siku hiyo, wakati wake wa kusali ukifika mimi nilimgeuza Mama Maria akatazama ukuta, na Fundi akimaliza kusali namrudisha. Hatukuwahi kulizungumza. Lilikuwa jambo la kazi kama kufunika gamu isikauke.

Taabu ilianza na dalali. Ana duka Matrah, karibu na Bandari ya Sultan Qaboos, anauza vitu kwa watalii wanaoshuka melini, na marehemu mume wa Bi Zuwena alikuwa mjomba wake. Alikuja karakana akiwa amevaa miwani ya jua, akaitazama picha kwa mbele, akapiga kelele ya mdomo.

"Ami, kazi ndogo hii. Nyuma hapa piga randa pawe safi, tia fremu ya dhahabu inayong'aa, kwisha. Meli inaingia wiki ijayo."

"Sipigi."

"Hupigi kwa nini?"

"Mgongo una maneno."

"Maneno ya nani? Ya wadudu?"

"Ya wadudu yamo na ya watu yamo. Wewe hujasoma hata moja."

Dalali akacheka. "Ami, nani anayetundika mgongo ukutani?"

"Nyumba ya Bi Zuwena," Fundi akasema. "Muulize mwenyewe, miaka yote."

Nilicheka, nikajificha nyuma ya kioo. Lakini dalali hakuwa mjinga. Alikwenda kwa Bi Zuwena akamwambia kwamba ile ni picha ya kanisa ya juzi juzi, imechakazwa makusudi, na Fundi anakuza mambo kwa sababu ya uzee. Bi Zuwena akaja mwenyewe, akakaa kwenye kiti ambacho Fundi alikuwa hajakimaliza.

"Fundi, mimi nakuamini. Lakini yule ni mtu wa familia, na mimi siwezi kugombana na watu umri huu. Nionyeshe kitu. Kama ni ya kale, nionyeshe kitu nishike mkononi. Mpaka Ijumaa. Ukikosa, nampa yeye, afanye atakavyo."

Kwa hiyo mjue, lililokuwa mezani ni hili. Fundi akikosa kitu cha kuonyesha, ule mgongo ungepigwa randa. Lakiri ingekwenda, na alif, ba, ta ya marehemu ingekwenda kwenye maranda sakafuni.

Alhamisi, kabla ya alasiri, Fundi aliung'oa ule ufito wa chini. Ulikuwa umelegea wenyewe, wadudu wamemaliza mbao pale misumari ilipokaa. Akaugeuza. Upande wa ndani, uliokuwa haujaona mwanga, ulikuwa na maandishi ya wino wa kahawia, mstari mmoja mrefu. Hakunionyesha. Yeye jambo kubwa hulinyamazia kwanza. Aliuweka mezani taratibu, akaendelea kusugua kutu kwenye bawaba ya sanduku la mtu mwingine, amenipa kisogo. Mimi nilikuwa nafagia. Halafu, bila kugeuka, akaelekeza mkono mezani akasema:

"Tupa ile ndogo!"

Mara ile ile adhana ikalia. Fundi aliweka bawaba chini, akakunjua mikono ya kanzu, akatoka kwenda msikitini.

Nilitazama mezani. Kulikuwa na vyuma vyake, na kulikuwa na kile kiufito kilichooza. Nikakiokota, nikakitia kwenye gunia la maranda, nikalipeleka nje kwenye pipa la taka la baladiya, yaani manispaa, kama ninavyofanya kila Alhamisi.

Aliporudi alikunywa chai yake. Akaja mezani.

"Ufito wangu uko wapi?"

"Nimeutupa, Fundi."

"Umeutupa?"

"Si umesema. Umesema tupa ile ndogo."

Fundi aligeukia meza. Kisha akanyoosha mkono, akaokota kutoka kwenye vile vyuma kimoja chembamba chenye meno madogo madogo, akakiinua mbele ya uso wangu.

"Tupa," akasema. "Hii ndiyo tupa. Hii hapa ndiyo tupa ile ndogo."

Kwetu Machakos chombo hicho tunakiita faili. Nilikuwa nimekaa naye mwaka mzima, lakini kazi yangu ilikuwa kioo, na vyombo vyake vya mbao na chuma alivichukua mwenyewe. Tupa niliyoijua mimi ni moja, ya taka.

"Ningetaka utupe ufito ningesema ule mdogo!" Sauti yake ilipanda. "Ule! Ule mdogo!"

"Kwetu kila kitu ni ile," nikasema, na machozi yakanitoka. Ilikuwa kweli. Kwetu ukisema ile ndogo, inaweza kuwa kikombe, mti, mtoto wa jirani.

Fundi akaweka tupa chini.

"Vaa viatu."

Pipani tulikuta maranda yamemwagwa na gunia halimo. Nilidhani ni gari la baladiya. Fundi akachungulia ndani, akasema, "Gari lingechukua na maranda. Mbao kavu haikai humu. Khamis kapita."

Khamis ni muuza mishkaki wa pwani, pale wavuvi wanapoegesha mashua. Kila jioni kabla ya kuwasha jiko hupitia mapipa yetu kuokota vipande vya kuwashia makaa. Fundi hakuwa na mwendo mzuri wa miguu, lakini siku ile nilimfuata kwa kukimbia. Kanzu ameishika kwa mkono, kofia imekaa upande, watu wanamsalimia sokoni, "Fundi, kuna nini?" na yeye anajibu salamu bila kusimama, moja baada ya moja, hakuacha hata moja.

Moshi ulikuwa umeshaanza kupanda.

"Karibu, Fundi!" Khamis akasema, anapunga kipepeo cha kupepea makaa. "Vijiti vingapi?"

"Zima."

"Nizime nini?"

"Zima jiko, Khamis!"

"Yakhe, leo unataka mishkaki au unataka jiko lenyewe?"

Fundi aliinama. Alikuwa ameshauona. Chini ya makaa, kati ya vipande vyetu vya fremu, ufito ulikuwa umechomekwa ncha moja motoni. Aliuvuta kwa vidole vitupu. Akaupuliza, akaubonyeza kwenye mchanga, akaupuliza tena. Khamis akaacha kupunga.

"Nini hicho?"

"Barua," Fundi akasema.

Ilikuwa imeungua upana wa vidole viwili. Maandishi mengine yote yalibaki. Vidole vya Fundi vilivimba, na mkewe alivipaka asali akimsema mpaka magharibi. Kesho yake asubuhi nilikuta kisahani cha halwa kwenye meza yangu ya kioo. Fundi alikuwa anatafuta kitu kwenye droo. Niliila yote nikiwa nimesimama.

Ijumaa ile Bi Zuwena alikuja, akaushika ufito mkononi, akauinua kwenye mwanga. Hakujua kuusoma, wala sisi hatukujua. Lakini aliutazama wino, akatazama matundu ya wadudu yaliyopita katikati ya herufi, akasema, "Huyu mdudu kala baada ya kuandikwa." Fundi alifurahi kama mwalimu aliyeulizwa swali zuri. Dalali akapigiwa simu pale pale, nikamsikia Bi Zuwena akisema, "La, mwanangu. La. N'shasema la."

Mjukuu alipiga picha maandishi, akazituma huku na huku kwa simu, mpaka zikamfikia mama mmoja wa Kizungu, mtaalamu wa picha za kale, ambaye alikuwa na safari ya kuja Maskati. Alikuja karakana na kijitaa kidogo. Mjukuu alitafsiri. Fundi alikuwa amekunjua mikono ya kanzu, amesimama wima kama anapimwa. Yule mama akaangalia picha kwa mbele dakika moja, akasema neno.

"Anasema anaomba uigeuze," mjukuu akasema.

Fundi alinitazama. Sijawahi kuona uso wake vile.

Yule mama alikaa na mgongo karibu saa nzima. Akatuambia ni picha ya Italia, ina zaidi ya miaka mia tano, na mchoraji wake hamjui, pengine ilitoka karakana ambapo watu wengi walifanya kazi pamoja. "Kama sisi," Fundi akasema. Kisha yule mama akausoma ufito. Ulisema kwamba picha hii ni ya masista, na kwamba atakayeihamisha aandike ameipeleka wapi, na kwamba nyumba ya masista hao iko mahali panapoitwa... Hapo yule mama akazima kijitaa. Jina la mahali ndilo lililoungua.

Hakuna aliyenitazama. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Jina la nyumba ya wale masista lilivumilia wadudu, bahari mbili tatu, kabati, kasha la nguo, halafu nikalitia mimi kwenye gunia la maranda.

Yule mama alitaka kuinunua kwa niaba ya watu wanaotunza picha kama hizo. Bi Zuwena alikubali kwa sharti lililoandikwa: mgongo usipigwe randa, lakiri na alif, ba, ta vibaki, ufito urudishwe mahali pake. Yule mama akasema ncha iliyoungua inaweza kusafishwa isionekane. Fundi akatikisa kichwa. "Mwambie imeungua Sib. Isifichwe. Na sisi tumeihamisha, basi na sisi tuandike."

"Uandike wewe, Fundi," Bi Zuwena akasema.

"Aliyeutupa ndiye aandike."

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia mwandiko wangu ni mbaya, na kitu cha miaka mia tano si mahali pa kuweka makosa ya mtu wa darasa la saba. Alinikatia karatasi nzuri upana wa kiganja, akanichongea penseli yake mwenyewe, akaenda kuosha vyombo. Niliandika kutwa. Mistari minne. Kila aliporudi alitazama, akaondoka.

Niliandika hivi: Picha hii ilikaa Ansab kwa Bi Zuwena ikitazama ukuta. Ufito huu niliutupa mimi kwa kutosikia, ukaungua ncha kwenye jiko la mishkaki, Sib. Mgongo huu usipigwe randa. Atakayeiamisha aandike.

Baadaye ndipo nilipoona nimeacha h. Nilitaka kuandika upya. Fundi akaniondolea karatasi mkononi. "Acha. Ukiirekebisha watajuaje kama ni wewe?" Akaibandika kwa gamu ya zamani aliyoichemsha mwenyewe, chini, karibu na alif, ba, ta. Kisha akatengeneza kasha la safari, akalipindua mara tatu, ndipo akaridhika.

Yule mama aliahidi kwamba picha ikifika na kutundikwa angetuandikia. Aliandika mara moja, kwa simu ya mjukuu. Alisema wale watu waliiuza kwa wengine, yeye hayumo tena, na hajui iko wapi. Basi.

Miaka mitatu imepita. Mkataba wangu kwa Fundi uliisha, sasa nafanya kazi katika duka la vioo, Ansab, si mbali na kwa Bi Zuwena. Bi Zuwena yu hai na hachoki. Kila wiki ananipigia. "Binti, barua?" Namwambia bado. "Haya. Wiki ijayo."

Mwezi uliopita nilikwenda Sib kumwona Fundi. Mkewe alikuwa ameniambia kwenye simu, lakini kuambiwa si kuona. Macho yake yamekwenda. Alikuwa amekaa uani kwenye kiti chake, kofia ina alama yake nyeusi na penseli imo, ingawa hana cha kuandika. Mapajani alikuwa ameshika fremu ndogo ya mtu, ameigeuza, anapapasa mgongo kwa vidole.

"Aliyetengeneza hii alikuwa na haraka," akasema kabla sijamsalimia. Alikuwa amenijua kwa viatu.

Nilimmiminia chai. Akausikiliza mlio wake ikijaa kigilasini, akatabasamu.

"Bado hautikisiki. Barua?"

"Hakuna, Fundi."

"Basi andika wewe."

"Nimwandikie nani? Hatujui iko wapi."

"Andikia wote. Mmoja kati ya wote anajua."

Nikamwambia sijui kuandika vitu virefu, na watu watanicheka. Alikunywa chai yake, nikadhani yamekwisha. Kisha akanyoosha mkono kwenye meza iliyo kando yake, meza ile ile, akawa anapapasa hewa.

"Tupa ile ndogo," akasema.

Niliiokota nikamwekea mkononi. Aliipima kwa kidole gumba, meno yake, urefu wake, kisha akanirudishia na kunifumba vidole juu yake.

"Chukua. Yako. Sasa nenda ukaandike."

Ninayo hapa mezani, imelala juu ya karatasi zisipeperuke.

Kwa hiyo nawaomba. Ninyi mlioko nchi zenye nyumba za picha za kale, mnaofagia huko, mnaolinda milango, mnaobeba mizigo, mnaosoma vyuo, au mnaopita tu kutazama. Mkiona Mama Maria mwenye joho jeusi, na mtoto mwenye komamanga lililopasuka, msione haya. Muulizeni mwenye funguo awageuzie. Kama chini kuna ufito ulioungua ncha, na alif, ba, ta ya mtoto aliyepigwa, na karatasi ya Kiswahili ambayo ndani yake h imekosekana, ni yetu. Na kama mgongo ni mweupe, laini, umepigwa randa, niambieni vile vile, Fundi hataki kudanganywa.

Niandikieni kupitia kwa hawa waliochapisha karatasi hizi, watanifikishia. Andikeni hata kama mnakosea, hata mstari mmoja. Nitapanda basi nimpelekee Fundi Sib, na nitamsomea mwenyewe, polepole.